Jumapili za Bonareri

Mimi ni Mkatoliki, na kwa miaka minane nimefanya kazi Jumapili. Sitaki pole ya mtu. Ofisi yetu ya upimaji wa ardhi hapa Keroka ni ya Mzee Ochoki, mzee wa kanisa la Waadventista, na kwake juma la kazi linaanza Jumapili saa mbili asubuhi. Basi mimi huenda misa ya alfajiri, kisha naja kukaa nyuma ya kaunta nikiwa na njaa na hasira. Kwa miaka sita, mtu wa kwanza niliyekuwa nikimwona ni Bonareri, fundi wetu wa kompyuta, amepiga magoti chini ya meza. Hakuwa akisali. Alikuwa akikagua nyaya.

Ofisi ina kompyuta tatu, na hakuna mbili zinazofanana. Ya Mzee ina Windows na programu ya kuchorea ramani. Ya Eric, mwanawe, ni Mac aliyorudi nayo kutoka masomoni, na ole wako uiguse. Ya tatu ni kuukuu, ilikuwa inangoja kutupwa. Bonareri aliifuta yote akaiwekea mfumo wa Linux, ikafufuka, akaifanya ghala la ramani zote za ofisi na kuiunganisha na printa. Mzee akichora kwake, ramani inakaa kwa Bonareri, Eric anaifungua kwake na kuirekebisha, kisha inachapwa. Mtu wa Keumbu anayewagawia wanawe shamba vipande vinne hupokea karatasi yake bila kujua imepitia mashine tatu zisizojuana. Aliyezijulisha ni Bonareri, peke yake, wiki ya kwanza alipokuja kwa majaribio ya miezi mitatu.

Sasa, Mzee ana desturi yake. Ijumaa saa tisa alasiri tunasimama kwa sala fupi, kisha anakwenda kwenye swichi kubwa ukutani na kuzima umeme wa ofisi nzima. Haachi hata kitaa kimoja. Anasema ikiwa Mungu aliamuru ng'ombe wapumzike Sabato, mashine ni nani zisipumzike. Jumapili anapowasha, ruta, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, huamka kimesahau kila kitu. Kinagawa namba upya. Kompyuta ya Bonareri iliyokuwa namba mbili inakuwa namba tano, na zile nyingine zinaendelea kuitafuta kwenye mbili. Mzee anabonyeza, Eric anabonyeza, hakuna ramani, hakuna printa, mpaka Bonareri apite meza hadi meza akiziambia mwenzao amehamia wapi. Ni kazi ya dakika ishirini.

Dakika hizo ishirini ndizo zilizomfunga. Mumewe, Duke, ni fundi wa magari Nakuru, na binti yao Persis anaishi huko kwa babake. Kila mwisho wa mwezi Bonareri alikuwa akipanda gari Ijumaa jioni, anashinda na mtoto Jumamosi moja, na jua likishatua yuko njiani kurudi Keroka. Alipoanza kazi, Persis alikuwa na mwaka mmoja. Sasa ana saba, na anamsalimia mamake kwa mkono kama mgeni.

Mwezi uliopita shule moja ya Nakuru ilimwita akafundishe kompyuta. Alitakiwa aripoti Jumatatu ya wiki iliyofuata, na barua ya mwajiri mkononi. Akaingia kwa Mzee. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mimi sikukatazi, mwanangu," Mzee alisema. "Lakini hizi mashini zinakujua wewe tu. Siku zitaweza kukaa bila wewe, nitakuandikia barua nzuri. Wacha tuombe."

Akaomba, tena kwa muda mrefu. Afadhali angemtukana. Mtu akikutukana unabeba mkoba wako unakwenda, lakini akikuombea utafanya nini?

Bonareri akatoka, akaketi karibu nami.

"Jacinta, nimeshikwa. Nitazeekea kwa hii ofisi."

"Si unifundishe mimi, basi?" nilimwambia. Nilikuwa na uchungu wa siku nyingi. Alikuwa amenionyesha mara tatu, na kila mara haraka haraka, kama mtu anayekuonyesha picha huku ameishikilia pembe. "Wewe hutaki nijue. Sema tu ukweli."

Akasema, macho yakiwa sakafuni, "Hii si kitu ya kufundisha mtu. Inatengenezwa mara moja. Kila kompyuta unaipatia namba yake haibadiliki, hata stima ipotee mwaka mzima. Ni nusu saa."

"Na umejua lini?"

"Tangu mwezi wangu wa pili hapa."

Akanieleza. Jumapili ya kwanza mashine zilipogoma naye akazirudisha, Mzee aliwasimamisha hata wateja, akamshukuru Mungu kwa ajili yake, akamwajiri papo hapo. Mwezi uliofuata Bonareri akaisoma dawa yenyewe. Akaogopa: akiitibu kabisa, watamhitaji kwa nini? Akasema atangoja kidogo, mpaka kazi ikolee. Mwaka ukapita. Baada ya hapo hofu iliisha, ikabaki aibu. Utaanzia wapi kumwambia mzee wa kanisa kwamba muujiza anaoushukuru kila Jumapili ni ugonjwa uliouacha makusudi?

Nilimkasirikia, sifichi. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nikamwambia aitengeneze hiyo Alhamisi, na mengine Mungu anajua. Akaitengeneza. Alikosea namba mara mbili. Ijumaa Mzee akasali, akazima.

Jumapili hiyo nilikosa misa. Mzee alipowasha umeme, Bonareri alibaki mlangoni, mkoba begani, hakukaribia meza yoyote. Mzee akabonyeza. Ramani zikafunguka. Eric akasema kutoka chumba cha pili, "Kwangu iko sawa." Mzee akageuka polepole.

"Umekuja saa ngapi leo?"

"Ndio naingia, Mzee. Nilizipatia namba zake. Hazitasumbua tena."

"Ulijifunza hiyo wapi?"

Nilikuwa nimemwandalia uongo, kwamba amejifunza wiki hii kwenye mtandao. Tuliufanyia hata mazoezi. Akanitazama, kisha akamtazama Mzee.

"Nimejua karibu miaka sita."

Mzee Ochoki ameishi kwa kusimama baina ya ndugu wanaogombana na kuwaonyesha mpaka ulipo. Sijamsikia akipaza sauti. Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Mwaka juzi nilikupigia simu Jumapili," alisema. "Ulikuwa hospitali na mtoto. Ukaniambia amewekwa oksijeni. Nikakuambia mteja anataka ramani ya korti, ukamwacha mtoto ukakuja."

"Nilikuja, Mzee."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Hiyo siku imenikosesha usingizi miaka miwili. Nimetubu juu yake mara mingi, nikifikiri ni mimi nilikutoa kwa huyo mtoto."

Mzee akavaa miwani, akavuta kibodi, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Alichukua muda. Kisha printa ikanguruma upande wa pili, kwenye meza ya Bonareri, na barua ikatoka. Ilikuwa na mistari minne, mizuri, bila lawama hata moja. Nilimpelekea mimi, pale mlangoni alipokuwa bado na mkoba begani.