Mahindi Yenye Baba Mwalimu Anasifu, Minyi Niliitilia Angre

Ndugu basomaji, niko mama ya miaka makumi mbili na mbili, na mutoto moja mwanamuke, karibu atimize miaka mbili. Masomo yangu iliishia mu darasa ya ine, basi munivumilie. Mufiche jina yangu. Majina ya bengine nimebadilisha, juu hapa Kamina bantu banajuana.

Vita ilitufukuza kule Kinkondja. Bwana yangu alibaki nyuma, mpaka leo sijapata habari yake. Nilifika Bukama na mutoto mu mugongo, nikapanda treni, nikashuka Kamina bila kujua muntu. Kanisani njo banionyesha muzee moja, mwalimu wa zamani, mujane, mwenye shamba ndogo nyuma ya nyumba. Akaangalia mikono yangu, akasema: "Mwanangu, sina mushahara. Niko na chumba, bukari ya kula asubui na mangaribi, na kazi mingi. Utaweza?" Nikajibu: "Nitaweza, Baba." Ningejibu nini?

Baba Mwalimu hapendi angre, ile mbolea ya kizungu ya mu mifuko. Anasema inachokesha udongo, na tena tangu vita, nani atakuletea? Yeye anataka majani ya kuoza, majivu na mavi ya mbuzi. Kila siku nilichimba mashimo, nikabeba mavi mu basani juu ya kichwa, mutoto mu mugongo. Jirani yetu, nitamuita Mama Banza, alikuwa anapita anacheka: "Mwalimu, zamani ulifundisha hesabu, sasa unafundisha mavi?" Muzee naye: "Pita, pita! Utakuya kuomba mbegu hapa hapa." Nilichoka mpaka nilikuwa nasinzia nimeshika jembe. Lakini mutoto alikuwa anakula, analala mu chumba yenye mulango. Nilisema asante kwa Mungu.

Mahindi ikaota. Kisha mistari ya pembeni ya njia, ile bantu bote banaona, ikageuka manjano. Baba Mwalimu akasimama pale muda murefu. Mangaribi akaniita, akaongea polepole: "Mwanangu, bana ba dada yangu bako njiani, banatoka Malemba. Shamba ikizaa, tutakula bote. Isipozaa, siwezi kukatala damu yangu. Chumba iko moja tu." Hakunikaripia. Afazali angenikaripia.

Nikaenda ku soko na kikwembe yangu, ile kitenge ya ndoa. Nikabadilisha na mama moja aliyekuwa na angre kidogo ya kubakia. Siku ya Mungu, wakati wa kwenda kanisani, nikadanganya muzee kama mutoto anahara, nikabaki. Nikatia angre ya kujaza kifuniko moja ya chupa ku kila shina, mistari yote ya manjano, nikafunika na udongo. Nikanawa mikono mara tatu, na harufu ilibaki.

Ndugu zangu, mahindi ilibadilika! Ikawa kijani nzito, ikapita kichwa yangu. Bantu banasimama ku lupango, ile uzio ya shamba, banashangaa. Baba Mwalimu anatembea katikati ya mistari sawa kijana: "Majani, majivu, mavi ya mbuzi! Paka bile, hakuna kingine!" Kanisani akanisimamisha mbele ya bantu: "Huyu mama, mikono yake njo ilifanya." Bakapiga makofi. Mutoto yangu naye akapiga. Nilitaka udongo inimeze.

Bana ba dada yake bakafika, tukajibana, tukavuna, hakuna mwenye alifukuzwa. Ningenyamaza mpaka kufa. Lakini juma iliyopita Mama Banza, yeye mwenyewe aliyetuchekelea, akakuya mbio.

"Dada, mvua ya kwanza ikinyesha tu, nangoa mihogo yangu yote. Natia mahindi, sawa yenu."

"Mihogo yako haijakomaa, Mama Banza. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ah! Weye umeshiba, unataka ushibe peke yako?" Akacheka, akanipiga ku bega. "Utakuya na jembe yako unisaidie."

Ana bana batano na basani moja ya mbegu. Mihogo ile njo chakula yabo ya mwaka unaokuya. Udongo yake imechoka kupita yetu, na majani aliyotia mu shimo haijaoza hata kidogo.

Sisemi kazi ya Baba Mwalimu iko ya uongo. Maharagi tuliyopanda pembeni sikuitilia angre, nayo ilizaa muzuri. Udongo imeanza kuwa mweusi, naiona. Naamini miaka mbili, tatu, shamba itatulisha bila kitu ya mu mufuko. Lakini Mama Banza hana miaka tatu ya kungojea.

Nikimwambia yeye, mangaribi mutaa muzima utajua, na bantu batamucheka muzee, ambaye tangu afiwe na bibi yake sikusikia kama alikuwa na furaha ingine. Nikimwambia muzee kwanza, naogopa juu ya mutoto na ile mulango. Siku zingine nawaza ataniuliza ni mistari gani, tuanze upya pamoja. Siku zingine najiona niko ku gare ya treni na basani yangu.

Mawingu imeanza kujikusanya. Nimechoka kubeba hii kitu peke yangu. Nianzie kwa nani, ndugu zangu, na niseme je? Munipe shauri mbele mvua haijanyesha.