Nusu Kilo ya Mama Egidi

Hedwiga, mama Egidi kwa majirani, hakuwa mwizi wala mwongo, na hilo lisemwe mapema kabla watu hawajaanza kunong'ona. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye kahawa yake mteremkoni upande wa Litembo, mume mpole aitwaye Joakim, watoto watano waliokua wote, na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio uliomponza. Kijiji kilipotakiwa kuchagua mhudumu wa afya mwishoni mwa mwaka tisini na nne, mwenyekiti aliuliza nani anaandika vizuri na halewi. Kwa sifa ya kwanza walipatikana watu sita. Kwa ya pili akabaki Hedwiga.

Akapelekwa semina Mbinga mjini wiki tatu, akarudi na daftari, kalamu za rangi, na mizani mpya ya kuning'iniza, yenye uso wa mviringo kama saa na kaptula ya kitambaa ya kumtia mtoto. Kila mwezi aliitundika kwenye boriti ya kibaraza cha ofisi ya kijiji. Mama anamvua mtoto nguo, mtoto anaingizwa kwenye kaptula, analia, mshale unatulia, Hedwiga anasoma, anaandika kwenye daftari, kisha anatia nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na njia tatu za rangi. Kijani ni mtoto anayekua. Kijivu ni wa kuangaliwa. Nyekundu ni wa kupelekwa hospitali, tena leo, si kesho.

Kazi rahisi, utasema. Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Hedwiga alikuwa ametafunwa na mizani.

Msimu ule ule wa tisini na nne ndio wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani. Kabla ya hapo kahawa ilikwenda chama cha ushirika, ukasubiri malipo mpaka ukasahau ulichokuwa ukisubiri. Sasa walikuja vijana na magari, wanapima njia panda, wanalipa papo hapo. Watu walifurahi. Joakim naye alifurahi, ila ni mtu wa kuhakikisha mambo. Alipitisha gunia lake kwanza dukani kwa Abdulhamid, kwenye mizani ya mawe, likawa kilo arobaini na mbili. Alipofika njia panda, hatua mia mbili tu kutoka dukani, gunia lile lile likawa thelathini na nane. Alipouliza, akaambiwa kama hataki alibebe arudi nalo nyumbani. Basi kijiji kizima kikajua, na mpaka leo ukimuuliza mtu wa huko atakwambia: kila mizani ina tumbo lake, nayo lazima ile.

Hedwiga aliamini hivyo kama alivyoamini Baba Yetu. Kwa hiyo siku ya kwanza alipomtundika mtoto, mshale ukasema kilo nane, yeye moyoni akasema: hii nayo imekula. Akaandika nane na nusu. Mtoto wa pili akamwongezea nusu, na wa tatu nusu. Hakumpendelea mtu. Hata mjukuu wake alipata nusu kilo yake sawa na wengine, si zaidi. Hakumwambia mtu, maana haki haitangazwi, na akina mama walimpenda kwa sababu kwake watoto walikuwa wanatoka vizuri.

Mwaka mzima wa tisini na tano kijiji hakikuwa na nukta nyekundu hata moja. Vijiji vya jirani vilikuwa nazo tele, mpaka kijiji cha Mbuji kikazungumziwa kanisani. Watu wa mradi wa kupima watoto wakaja kutoka mjini, wakaangalia daftari, wakasifu mwandiko, wakakipa kijiji baiskeli. Mwenyekiti aliipanda yeye. Hedwiga hakulalamika. Alikuwa na fahari yake kimoyomoyo, na fahari ya mtu mnyamavu hunenepa bila mtu kuiona.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata akafa Henry.

Henry alikuwa mtoto wa Ottilia, mwali aliyeolewa na mwana wa mama Gertruda, nyumba ya tatu kutoka kwa Hedwiga. Alikuwa na mwaka na miezi mitatu. Alikonda, akaharisha siku nne, akafa alfajiri wakiwa wanajiandaa kumpeleka hospitali. Baada ya maziko walikaa watu wa ukoo, na mama Gertruda, ambaye alimlilia mjukuu wake kwa dhati, alitaka kujua. Mtoto gani anakonda katika nyumba yenye mahindi darini? Akamwita Hedwiga na daftari lake.

"Mama Egidi, wewe ulikuwa unampima. Alikuwa na njaa?"

Hedwiga akafungua. Februari, kilo sita na nusu. Kijivu. "Alikuwa mwepesi," alisema, "lakini hakufika nyekundu. Hapa kwetu hakuna aliyefika nyekundu."

Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya mtu anayetetea kazi yake. Na hapo ndipo alipomfungia Ottilia mlango bila kujua, kwa sababu kama si njaa, wazee walikuwa na jibu lao tayari. Mtoto amebemendwa. Mama yake ametoka nje ya ndoa wakati ananyonyesha, na uchafu umempata mtoto. Mume alikuwa Songea kwenye vibarua tangu Krismasi, kwa hiyo hata wa kumtetea hakuwepo. Ottilia aliapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake. Wakamwambia kadi imesema. Wiki ya pili alifunga kanga zake, akashika njia ya Mapera kwa baba yake, na watu waliompita njiani hawakumsalimia.

Hedwiga alimwonea huruma, ila alimwonea huruma kama mtu mwenye kosa. Tuseme ukweli ulivyo.

Mwezi wa saba kahawa iliiva vibaya sana, yaani iliiva yote kwa pamoja. Kulikuwa na wanunuzi watatu njia panda, kila mmoja na bei yake, na hakuna mwanamke aliyebaki nyumbani jua likishachomoza. Watoto waliachiwa dada zao wa miaka sita na sufuria ya uji uliopoa. Siku ya kupima, Tereza, msichana wa watu aliyezaa mapema, alimleta Kunigunda wake wa mwaka na nusu. Mshale ukasema sita nukta tatu. Hedwiga akaandika sita nukta nane. Kijivu, unywele mmoja juu ya nyekundu.

"Mpe uji wa karanga mara tatu kwa siku," alisema.

Tereza alimfunga mtoto mgongoni, akasimama hapo hapo bila kuondoka. "Mama, naomba kukuuliza. Mbona siku hizi nikimbeba simsikii uzito?"

Hedwiga alimzunguka nyuma. Alimwangalia mtoto, shingo ilivyokuwa, na mikono. Akajiambia mizani imezidi kula, imezoea, sasa inakula kilo nzima. Usicheke. Mtu akishaamini kitu huweza kuona mtoto anakwisha mbele yake na akakilaumu chuma. Aliposhusha mizani mchana ule aliipeleka moja kwa moja dukani kwa Abdulhamid, apate kujua ni kiasi gani hasa, ili awaongezee watoto kilichobaki cha haki yao.

Abdulhamid alikuwa mtu wa Kilwa kwa asili, lakini alikuwa amekaa milimani miaka ishirini na alijua kahawa kuliko baadhi ya wenyewe. Aliitundika mizani kwenye ndoano ya nyama, akatia jiwe la kilo tano kwenye kaptula. Mshale ukasimama kwenye tano. Akaongeza la kilo mbili. Saba.

"Haina neno, mama Egidi."

"Rudia."

Akarudia. Akajaribu jiwe la kilo moja peke yake, kisha mawe yote pamoja mpaka kaptula ikalia mshono. Mshale ulisema kweli kila mara.

"Hii ni mizani ya hospitali," alisema Abdulhamid, akiitungua. "Haiuzi wala hainunui. Itamwibia nani?"

Hedwiga alikaa juu ya gunia la chumvi. Alikuwa ameongeza nusu kilo kwa watoto tisini na tatu, kila mwezi, kwa mwaka na nusu. Aliomba maji, akanywa. Hakulia. Alikuwa anatoa, nusu baada ya nusu, kichwani, na jina la kwanza lililomjia halikuwa la Kunigunda.

Lakini Kunigunda alikuwa hai, kwa hiyo alianza na huyo. Alimkuta Tereza kahawani, kikapu kiunoni, mtoto amelala chini kwenye gunia. Akamwambia hapo hapo, bila kuzunguka: mtoto ni nyekundu, amekuwa nyekundu, kosa ni langu. Tereza akavua kikapu na kukimwaga chini, kahawa nyekundu zikatawanyika chini ya miti, akambeba mwanawe. Njia nzima ya kwenda hospitali ya masista Litembo alitangulia yeye. Hedwiga alimfuata nyuma na kifurushi cha nguo. Masista walimpokea mtoto, wakamlaza, na muuguzi alipoona kadi akauliza nani aliyeandika hivi. Hedwiga akasema ni mimi. Wiki tatu baadaye Kunigunda alirudi nyumbani akiwa na kilo saba na robo, za kweli.

Katika hizo wiki tatu Hedwiga alinunua daftari jipya. Alikaa jikoni na lile la zamani, akatoa nusu kwa kila mtoto na kila mwezi, akaandika upya kwa mwandiko ule ule mzuri. Walitokea wekundu kumi na mmoja. Tisa kati yao walikuwa wamepanda uzito wenyewe. Mmoja alikuwa Kunigunda. Mmoja alikuwa Henry, Februari, kilo sita kamili.

Mwenyekiti alipoelezwa alifunga mlango wa ofisi kwanza. "Mama Egidi, sikiliza. Mkutano wa robo mwaka ni Jumamosi, na watu wa mradi wanakuja. Anza kuandika sawasawa kuanzia mwezi huu. Huyo aliyekufa amekufa. Ukimfufua kwenye daftari utampa nani faida?"

"Ottilia," alisema Hedwiga.

"Watakufukuza. Na baiskeli itarudi."

"Irudi."

Siku ya Ijumaa akaenda Mapera. Ottilia alikuwa anatwanga nyuma ya nyumba ya baba yake, amekondeana, kichwa kimenyolewa. "Shikamoo mama," alisema, kwa adabu tu, bila kuacha mchi. Hedwiga aliitikia marahaba, akamwambia yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kukaa, na hakuona sababu ya kukaribishwa. Ottilia aliendelea kutwanga mpaka mwisho wa habari. Kisha akauliza swali moja.

"Utayasema hayo mbele ya mama mkwe?"

"Kesho. Mbele ya wote."

Jumamosi kibaraza kilijaa hadi uwanjani. Watu wa mradi walipewa viti. Mama Gertruda alikaa mkekani, mstari wa mbele, pamoja na wazee wenzake. Ottilia alifika watu wakiwa wameshakaa, akasimama nyuma kabisa karibu na tangi la maji, na vichwa viligeuka kimoja kimoja. Mwenyekiti alimpa Hedwiga nafasi baada ya taarifa ya barabara, akamkonyeza afupishe.

Hedwiga alieleza jinsi alivyoongeza, na kwa nini. Kuna waliocheka aliposema mizani ina tumbo, kwa sababu wangefanya vivyo hivyo. Wakaacha kucheka alipoanza kusoma majina. Kila jina na mwezi wake na kilo zake. Mama mmoja alisimama akasema anaaibishwa, akaketishwa na mumewe. Hedwiga aliendelea. Akafika jina la kumi na moja.

"Henry wa Ottilia. Februari. Kilo sita. Nyekundu. Mtoto huyu hakubemendwa na mtu. Alipungukiwa chakula, na mimi ndiye niliyeandika kwamba hakupungukiwa."

Mama Gertruda alikuwa ameshika kanga mdomoni.

"Soma tena," alisema Ottilia kutoka nyuma.

Hedwiga akasoma tena, neno kwa neno.

Ottilia akaja mbele, watu wakimpisha. Hakumtazama mama mkwe wala mwenyekiti. Alimtazama Hedwiga, na hakupandisha sauti.

"Kahawa ya mwaka jana nilichuma yote mimi, mume wangu anaumwa mguu. Mvua zilipoanza nikalima mahindi peke yangu. Nilikuwa namwachia uji, nikirudi nakuta umeliwa na kuku. Kila mwezi nilikuletea, mama. Kila mwezi nilikuuliza, nibaki nyumbani? Ukaniambia si nyekundu. Ningebaki."

Mama Gertruda alijisogeza kwenye mkeka, akapiga piga nafasi kando yake kwa kiganja. "Njoo ukae, mama Henry," alisema. "Njoo, mwanangu. Nyumba ni yako."

Ottilia aliutazama mkeka. Akasema baba yake ana kahawa haijaanikwa, na njia ya Mapera ni ndefu. Akawaaga wazee wote kwa pamoja, akajitanda kanga, akaondoka, na safari hii kila aliyekutana naye njiani alimsalimia.