Namba ya Mlango wa Mama

Watu wote walimwita Bwana Vitasa, na yeye alishachoka kukasirika. Nyumba kumi na moja za tajiri mmoja, zilizotawanyika mji mzima, zilikuwa mikononi mwake, au tuseme zilikuwa kwenye simu yake, maana siku hizi ufunguo ni mambo ya zamani. Zamani alikuwa akitembea na funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Sasa ni milango mia moja na sitini na nne, kila mlango na kitasa chake cha namba, na kila kitasa kinazungumza na simu ile. Nani kaingia, saa ngapi, nani kakosea namba, betri ya wapi inakaribia kufa, yote anayajua akiwa amekaa kwenye kichumba chake chini ya ngazi, miguu juu ya kreti la soda. Mtu akihama anamfuta, akihamia mwingine anamwandika. Fundi bomba akija anampa namba ya saa mbili, na zikipita hizo saa mbili hata alie vipi mlango haumtambui.

Wapangaji walimtania. "Bwana Vitasa, hata mke wangu hajui nimerudi saa ngapi, wewe unajua!" Naye huwajibu, "Mimi sina macho wala mdomo, niulize habari za betri." Na kweli, umbea hakuwa nao. Ukimwuliza habari za jirani yako anakutazama kama vile umemwomba figo.

Mama yake alikaa nyumba ya nne, chini, mlango wa tisa. Bwana Vitasa alimhamishia hapo baada ya baba yake kufariki, na hapo ndipo kumbukumbu zilipoanza kumponyoka yule mama. Kwanza vitu vidogo, chumvi kwenye kopo la sukari. Halafu vikubwa. Siku moja binti yake mkubwa alikuja na kapu la vitu, mama akamkaribisha vizuri sana, akamketisha, akamwuliza, "Na wewe mwenzetu watoka wapi?" Dada mtu akatoka nje akalia mpaka mafua yakamshika. Daktari hakuficha. Alisema haya hayarudi nyuma, yanakwenda mbele tu, tumwombe Mungu yaende polepole.

Sasa, kabla mambo hayajafika huko, vitasa vya namba vilipokuja, mama aliogopa. "Mimi na mashine wapi na wapi, baba? Niachie ufunguo wangu."

"Mama," mwanawe akamwambia, "hebu niambie. Mimi nimezaliwa mwaka gani?"

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "We mtoto una wazimu? Mtu anasahau siku aliyotaka kufa? Sabini na moja! Siku mbili nzima umening'ang'ania humu, unakuja kutoka una kichwa kama boga!"

"Haya, basi hiyo ndiyo namba yako. Moja, tisa, saba, moja."

Jamani, ungemwona yule mama! Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kitasa kikalia tii, tii, tii, tii, halafu krak, mlango huo wazi. Akapiga vigelegele pale pale kwenye korido. Tangu siku hiyo namba ile ikawa ndiyo jeuri yake. Akisahau kitu, mtu akimwangalia kwa huruma, anainuka. "Mnasema nimechanganyikiwa? Njooni muone." Anamwita hata yule jirani yake wa mlango wa nane, mwanamke fundi cherehani, aache nguo kwenye mashine aje kushuhudia. Tii, tii, tii, tii, krak. "Huyo ni mwanangu," anasema. "Nimemzaa mwenyewe na nakumbuka." Siku ile aliyomsahau binti yake, aliufungua na kuufunga mlango huo mara tano, peke yake, mpaka roho ikatulia.

Bwana Vitasa aliyaona hayo yote na alielewa. Siku mama akiamini kwamba hata hiyo namba imempotea, atajiachia mzima mzima. Kwa hiyo aliilinda kuliko alivyolinda kazi yake, na kazi yenyewe alikuwa anaihitaji.

Maana kulikuwa na amri. Mpangaji mmoja aliyehama alirudi na namba yake ya zamani, amelewa chakari, akakutwa amelala fofofo kwenye kitanda cha mwalimu aliyehamia. Tajiri aliwaka moto. Akaamuru kila baada ya miezi mitatu namba za milango yote zibadilike, nyumba zote, bila kumbakiza mtu. Ikawa hivyo. Saa nne kamili asubuhi zinabadilika kwa mpigo mmoja, na kila mpangaji anapokea yake mpya kwa ujumbe wa simu. Lakini kwenye mashine ile kuna orodha ya milango iliyotengwa, isiyoguswa, kama chumba cha pampu ya maji na chumba cha umeme. Bwana Vitasa aliuingiza humo mlango wa mama yake, akanyamaza kimya. Mwaka na nusu ukapita hivyo, tajiri hana habari.

Halafu tajiri akanunua nyumba mbili zaidi.

Siku ya kubadilisha namba ilimkuta Bwana Vitasa kwenye mojawapo ya nyumba hizo mpya, upande wa pili wa mji, jasho linamtiririka, bisibisi mdomoni. Vitasa ishirini na sita vipya, na kitasa kipya kikiandikishwa kinaanzia kwenye ile orodha ya milango iliyotengwa, mpaka ukitoe. Kuvitoa ni kimoja kimoja. Na tajiri yuko kwenye simu nyingine, kila dakika, "Vipi, tayari? Wapangaji wapya wako mlangoni na mizigo, mbona hunielewi wewe?" Saa nne kasoro dakika mbili mashine ikauliza: milango yote, pamoja na iliyotengwa? Akawaza vile ishirini na sita. Akawaza tajiri. Akabonyeza ndiyo.

Chumba cha pampu hakikumjia akilini, wala chumba cha umeme. Mama yake hakumjia akilini hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe hajawahi kujitetea kwa hilo.

Kisha akafanya jambo analolifanya kila siku ya kubadilisha: akazima milio ya tahadhari. Siku hiyo nusu ya wapangaji wanabonyeza namba za zamani kwa mazoea, na simu ikiachwa inapiga kelele kutwa nzima. Akaizima, akarudi kwenye bisibisi yake.

Saa kumi alasiri alikaa kwenye ngazi, akafungua chupa ya maji, akaanza kupitia tahadhari. Zilikuwa mia tatu na kitu. Akawa anazisukuma kwa kidole gumba huku anacheka kidogo, huyu kakosea mara nne, huyu mara mbili, huyu naye kajaribu kufungua kwa mwenzake. Halafu akaona nyumba ya nne, mlango wa tisa. Majaribio hamsini na matatu.

Chupa ikamponyoka.

Vitasa vile vinaandika kila kitu, hata namba iliyokosewa. Alisoma pale pale kwenye ngazi. Saa nne na nusu: 1971. Mara moja tena: 1971. Tena. Ukikosea mara tano kitasa kinagoma dakika kumi, kwa hiyo kulikuwa na pengo, halafu 1971 mara tano zaidi, pengo, halafu mara tano tena. Saa tano na ushee akabadilisha. 1968, mwaka wa dada. Akairudia. Halafu 1966, mwaka aliofunga ndoa na baba. Halafu 1975.

Hapo Bwana Vitasa akafunika uso. Sabini na tano alizaliwa mdogo wao wa mwisho, aliyefariki na miaka minne kwa surua. Tangu siku ya mazishi mama hakuwahi kumtaja, hata kwa bahati mbaya, na wao wakajifunza kutomtaja. Kumbe alikuwa naye siku zote. Alimbonyeza mara tisa.

Baada ya hapo hapakuwa na miaka tena. 1791. 7119. 1117. Mwisho kabisa, saa nane na dakika kumi, moja moja moja moja. Kisha kimya.

Aliirudisha namba ya mama kwa simu, akapiga simu ya mama ikaita bila kupokelewa, maana ilikuwa kitandani ndani. Akaacha mafundi, akaacha begi la vifaa wazi, akaondoka mbio.

Alimkuta ameketi sakafuni kwenye korido, mgongo umeegemea ukuta, kiberiti alichotoka kwenda kununua amekishika kwa mikono miwili. Gauni lilikuwa limelowa na sakafu chini yake imelowa, na alikuwa amejifunika kanga kwa juu ili isionekane. Fundi cherehani alisema baadaye kwamba alipita hapo mara mbili na akamwuliza, "Mama, kulikoni? Ingia kwangu upumzike." Mama akamjibu, akitabasamu, "Wala, nipo tu. Namngoja mwanangu." Angesema nini? Yule yule aliyemwita kila siku aje aone anavyokumbuka!

"Mama," Bwana Vitasa akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Ni mimi. Nimebadilisha namba kwa makosa. Wewe hukukosea."

Mama akampapasa shavu.

"Una moyo mzuri, baba," akasema. "Asante. Lakini usinidanganye."

"Haki ya Mungu, mama! Tazama, hii hapa, tazama mwenyewe, umeandika sawa mara kumi na tano!" Akamwonyesha simu. Mama hakuitazama hata. Mwanawe akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya kitasa, akambembeleza kama mtoto wa miaka mitatu. "Bonyeza, mama. Moja tu. Utaona." Mama akaficha mikono ndani ya kanga.

"Fungua wewe," akanong'ona. "Watu wanapita. Usinifedheheshe."

Akafungua yeye. Akachemsha maji, akampigia dada yake simu aje haraka, na dada alipofika akamwogesha mama. Bwana Vitasa akabaki koridoni na ndoo na tambara, akipiga deki, analia waziwazi. Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu. Fundi cherehani akafungua mlango, akamwona, akaurudisha polepole.

Alijaribu kila njia, msidhani alikaa tu. Alikwenda kwa tajiri akajisema mwenyewe, tajiri akafoka kisha akaona aibu, akamwacha. Alikitoa kitasa cha mama akamrudishia kitasa cha ufunguo. Mama akaupokea ufunguo, akaushukuru, akaupoteza kesho yake. Akamchongea mwingine, akamfungia kwa kamba shingoni, mama akawa anaushika siku nzima na hajui ni wa nini. Dada yake alimwambia, "Acha kujitesa, kaka, daktari alishasema." Akajibu kwamba daktari alisema polepole.

Maana haikuwa polepole tena. Tangu siku ile mama hakubisha kitu. Ukimwambia leo ni Jumanne, haya, Jumanne. Ukimwambia ameshakula wakati hajala, haya, ameshakula. Ile jeuri yake ilizimika, na watu wakasema amekuwa mpole, hasumbui, mgonjwa mzuri. Bwana Vitasa alitamani hata amtukane.

Mwezi wa tatu tangu siku ile ulipofika akaja na machungwa, akamenya, akampa kipande kimoja kimoja. Walikaa mlangoni kwenye viti viwili, hakuna haraka. Akapiga moyo konde.

"Mama, unakumbuka mimi nimezaliwa mwaka gani?"

Mama akatafuna taratibu. Alifikiri kweli kweli, mpaka paji la uso likakunjamana.

"Sabini na moja," mwanawe akasema, akimsaidia. "Siku mbili nzima. Kichwa kama boga."

"Sabini na moja?" Mama akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni. "Hapana. Huo siyo. Huo niliubonyeza mara nyingi sana, mlango ukakataa."

Akapokea kipande kingine cha chungwa, akamwonea huruma yule mwanamume aliyekaa mbele yake na macho yamemjaa machozi.

"Usilie, baba," akamwambia. "Kamwulize mama yako. Yeye atakuambia."

Bwana Vitasa akasema sawa, atamwuliza.