Mwaka Tulioulaumu Moshi

Jirani yetu wa upande wa chini aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, kama mume wangu ameanza kukimbia usiku. Huku kwetu swali hilo si mchezo. Mkimbia usiku ni mchawi, mtu anayetimka uchi katika maboma ya watu na kurusha mawe juu ya mabati, na inasemekana mke wake ndiye huwa wa mwisho kukiri. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba wale watu sita wanaosimama gizani uwanjani kwetu kila Jumamosi, bila taa, wakinong'ona, ni kikundi cha kutazama nyota. Alinitazama kwa huruma. Nadhani angenielewa zaidi kama ningekubali uchawi.

Mume wangu alikuwa amestaafu kufundisha fizikia. Darubini aliinunua kuukuu kutoka kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao: bomba nene jeupe lenye kioo ndani, likakaa sebuleni kwangu kama mgeni asiyeaga. Wanakikundi wengine walikuwa wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye vitambi. Mmoja aliendesha trekta la kuvuta miwa, mmoja alikuwa fundi cherehani, mmoja ana duka la dawa hapa Awendo, na wawili ni walimu wa msingi. Mume wangu ni Msabato na mimi ni Mkatoliki niliyezaliwa karibu na misheni ya Asumbi, kwa hiyo tangu tuoane nyumba yetu ina siku mbili za kupumzika na hakuna anayepumzika. Jumamosi jua likizama walifunga Sabato kwa wimbo na sala, kisha hapohapo wakaibeba darubini nje.

Shughuli zao hazikuwa kubwa. Walichora mwezi kwa penseli. Walibishana sayari ipi itatokea upande gani, kisha wakachungulia simu kuumaliza ubishi. Mara moja moja walipeleka darubini shuleni, wasichana wakapanga foleni kutazama mashimo ya mwezi na kupiga kelele. Walikuwa pia na kundi la WhatsApp, lililoanza kwa picha za nyota na baada ya muda likawa la matanga, kama makundi yote ya Wajaluo: mama wa mwenzetu ametuacha, mazishi ni Ijumaa, tafadhali tusimame naye. Nilimtania mume wangu kwamba ameunda chama cha kuzikana chenye darubini. Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi, na kicheko kile nakililia hadi leo.

Kitu alichopenda kufundisha kuliko vyote kilikuwa namna ya kuona vitu hafifu. Ukivikazia macho, alisema, vinapotea. Sharti utazame kando kidogo, kama unayepita nyumba ya mkwe bila kuangalia ndani, na kitu chenyewe kitajitokeza pembeni mwa jicho. Ilikuwa kweli. Chini ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari, zinazopanda jioni za Desemba, kuna kiwingu cha mwanga, na hata mimi niliyeitwa nje nikiwa na mwiko mkononi nilikiona kwa njia hiyo.

Kisha ukaja mwaka wa moshi. Awendo haikosi moshi. Kuna kiwanda, kuna vinu vya sukari guru kila upande, kuna mashamba ya miwa yanayochomwa, na majivu meusi huangukia nguo ulizoanika bila kukuuliza. Kwa hiyo mume wangu aliposema kiwingu kimefifia, hakuna aliyeshangaa. Baadaye akasema kimepotea kabisa. Alifungua bomba, akaosha kioo kwa maji ya mvua na pamba, akakirudisha. Akakiosha tena. Alikwenda kumwona mwenye kinu kilicho karibu nasi, akamwomba azime tanuri Jumamosi jioni. Yule mtu akamjibu kwa adabu kwamba miwa ikishakatwa haingoji nyota.

Na wanafunzi wake wakamwunga mkono. Walipoinama kwenye darubini mmoja mmoja, mume wangu aliwauliza, "Unaona?" Nao wakamjibu walivyojua anataka kusikia.

"Aa, mwalimu, hata mimi sioni. Hii moshi imezidi."

"Leo anga ni chafu sana, mwalimu."

Mwalimu aliyekuchapa kiboko ukiwa kidato cha pili haambiwi kwamba amekosea, hata kama sasa una watoto watatu na ng'ombe. Mimi nilikuwa nikikiona kiwingu kilekile, mahali palepale. Nikajiambia kwamba mpika chai kama mimi hajui anachotazama.

Mambo mengine yalikuja taratibu. Alipiga teke sufuria ya maziwa iliyokuwa wazi njiani. Aligonga bega kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sokoni watu waliomsalimia kutoka ubavuni aliwapita bila kugeuka, na maneno yakanifikia kwamba mwalimu siku hizi ana maringo. Nilimgombeza sana. Nilimwambia pensheni si ufalme.

"Nyar Asumbi, sikuwaona," akasema. Binti wa Asumbi, ndivyo alivyoniita tangu siku ya mahari. Nilidhani ni kisingizio.

Mwishowe aliamua kikundi kiukimbie moshi. Dada ya yule mwenye duka la dawa hununua omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba na kuziuza Migori, naye ana nyumba upande wa Sindo, kule Homa Bay, kwenye mwinuko juu ya ziwa. Tukapanda pikapu ya kuazima, darubini imezungushiwa magodoro, mimi nimekaa mbele kwa ajili ya magoti yangu. Mume wangu alikuwa amechagua Jumamosi isiyo na mwezi ili giza liwe zito. Hakukumbuka, wala hakuna aliyemkumbusha, kwamba giza la namna hiyo ndilo wavuvi wa omena wanalolingoja, wote waingie majini na taa zao za kuvutia samaki. Mimi nililijua hilo na nikamwandalia utani. Nilitaka kumwambia amekimbia moshi akaangukia kwenye taa.

Walipomaliza sala ya kufunga Sabato giza lilikuwa limeshika. Ziwa lilijaa taa kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia, nyingi hata hujui maji yanaishia wapi. Tukakaa tukizitazama. Mume wangu alisimama mbele yetu, mikono kiunoni, uso ameuelekeza majini.

"Leo kuna nini?" akauliza. "Mbona wavuvi ni wachache hivi?"

Dereva wa trekta aliangalia viatu vyake. Kisha mmoja wao, nani sitasema, akafungua mdomo kwa upole uleule wa Awendo.

"Eeh, mwalimu. Leo ni wachache."

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuijua kabla wala baadaye. "Wachache wapi?" nikapiga kelele. "Ziwa yote inawaka! Nyinyi wote mnaona, mnamdanganya tu! Hata hiyo kiwingu mnaionanga, kila Jumamosi mnaiona!"

"Nyar Asumbi, wacha maneno," mume wangu akasema.

Sikuacha. Nilimwendea, nikamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto anayenyolewa, nikakigeuza kushoto. "Na hapa?"

"Hapa ziko."

Nikakigeuza kulia. "Na hapa?"

"Ziko." Akakigeuza mwenyewe kushoto tena, mikono yangu ingali mashavuni. "Hizi zote zilikuwa wapi?"

Mwenye duka la dawa alikuja karibu. Alikuwa analia bila kujificha, mwanamume mzima. "Mwalimu," akasema, "hii si moshi. Twende hospitali."

Tulikwenda wiki hiyohiyo. Daktari wa macho alimweka mbele ya mashine yenye umbo la bakuli jeupe. Unaegemeza kidevu, unatazama nukta ya katikati, na kila kimwanga kinapotokea, popote kitakapotokea, unabonyeza kitufe. Mume wangu aliingia kwa furaha, maana hiyo ndiyo kazi aliyoipenda maisha yake yote. Alipotoka aliniambia mashine yao ni mbovu, vimwanga vyote vinatokea katikati tu. Daktari alinitazama mimi.

Ilikuwa presha ya macho. Haiumi, haiwashi. Inakula kuona kwako kuanzia pembeni, na huoni inachokula. Kilichokwenda hakirudi, daktari alisema. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki hakikuwa kingi, wala hakuweza kuahidi kingekaa. Akauliza kama hakukuwa na dalili mapema, kwa sababu mapema ndipo inapozuilika. Mume wangu akamwambia alidhani ni moshi. Hakuwataja wanafunzi wake hata kwa neno moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha kitu. Kila Jumamosi alituuliza waziwazi kama tunaona, na sisi tukamvika kilemba cha ukoka. Hilo linaniuma, na sijapata matone ya kulitibu.

Tuliporudi nyumbani siku ile alisema jambo moja tu. "Na mimi ndiye niliyewafundisha watu kuangalia kando." Akavua viatu, akaingia kulala jua likiwa bado juu.

Kikundi kikaacha kukutana. Darubini ilifunikwa shuka sebuleni na mimi, niliyewahi kuiita mgeni asiyeaga, nikawa naipangusa vumbi kila asubuhi. Halafu Jumamosi moja wakaja wote, wamebeba sukari, mkate na majani ya chai, wakakaa kwa mstari, mikono magotini, kama watu waliokuja kwenye matanga. Fundi cherehani akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya wenzake, maneno mazuri, inaonekana aliyaandaa.

Mume wangu akamkatiza. "Mimi sijakufa. Toeni darubini."

Ilikuwa jioni mapema, mawingu yamejikusanya upande wa Migori na Zohali, ile sayari yenye pete, iko wazi juu. Waliielekeza darubini, wakaisogeza tena, kwa sababu sayari haikai, inateleza ikatoka kwenye bomba usipoifuata. Mume wangu akainama. Wale wanaume watano walisimama nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza lile swali lake la siku zote. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda ubavuni pake, nimemshikia kikombe cha chai, na moyoni nilikuwa nikimwambia Mama Maria mambo ambayo mume wangu Msabato asingependa kuyasikia.

"Pete imekonda," akasema. "Imekuwa kama sindano. Lakini iko, omera, ndugu zangu. Iko!"

Ilikuwa hivyo hasa. Mwaka huo pete ilikuwa imetugeuzia ubavu, nyembamba, na yeye aliiona vizuri kama sisi sote. Ndani ya darubini dunia ni duara dogo, na duara dogo ndilo alilobakiwa nalo. Dereva wa trekta akaanza kucheka, kisha wote wakacheka, wakashikana mabega. Na mume wangu akacheka, kile kicheko chake cha upesi, mara moja. Nilifurahi. Kwa muda ule nilifurahi kabisa, nikaona kwamba tunaweza kuishi hivi, kwamba si haba.

Akainua uso. Akatazama mbele yake, akatazama mlango wa jiko uliokuwa na mwanga, akawageukia wanafunzi wake.

"Nyar Asumbi ameenda wapi?" akauliza. "Mwiteni, aje aone."

Nilikuwa palepale kwenye kigoda ubavuni pake, kikombe chake mkononi.