Viazi Nilivyovipa Jina

Nyie mliokuja kusikia ushuhuda wangu mnanijua. Kabla ya kuugua nilikuwa nazunguka pembezoni mwa mashamba ya Misunkumilo na simu mkononi, nalala kifudifudi kwenye majani ili nipige picha ya ua moja. Kwenye grupu letu mtu akituma ua la porini, jina lilitoka kwangu kwanza. Nilijisikia sana.

Mwezi wa nane tulikuwa tunalima shamba la mama mkwe, mimi na wifi yangu Skola, dada wa mume wangu. Jembe lake likaibua viazi vya porini. Bua limekauka, ua hakuna.

"Wifi, tuviache," akasema. "Hatuvijui."

Nikamcheka. "Hatuvijui wewe na nani? Hivi ni viazi vikuu vya porini. Mimi ndiye mwenye kujua mimea hapa."

Nikavichemsha mwenyewe. Skola akasitasita, nami nikamjazia sahani kwa kumkomoa. Akala kwa heshima tu.

Jioni midomo ikaanza kuwaka, ulimi ukafa ganzi. Tulitapika mpaka nyongo. Tukaharisha maji, kisha damu, mpaka tukashindwa hata kufika chooni. Hospitalini daktari akamwambia mume wangu, "Nenda kalete mabaki ya walichokula." Akarudi na lile bua. Ncha za majani makavu zilikuwa zimejikunja kama ndoano. Nikalitambua palepale kitandani: ni lile ua jekundu lenye kingo za njano, lililosimama kama moto. Nilikuwa na picha zake zaidi ya arobaini. Chini ya udongo sikuwahi kutazama.

Nikamwambia Skola ukweli. Akauliza, "Ua lake zuri, wifi?"

"Zuri sana."

Siku ya tatu aliacha kukojoa. Siku ya nne akafa.

Mimi nikabaki. Wiki ya pili nywele zikaanza kung'oka, zikawa zinabaki kwenye mto, nikawa kipara kabisa. Watu walikuja kuniambia Mungu ananipenda. Mama mkwe ndiye aliyeninywesha uji, kijiko kwa kijiko.

Namshukuru Mungu, nawashukuru na manesi walionifulia mashuka. Wewe unayependa maua, endelea kupiga picha. Ila kama ua hujaliona, sema hujui, hata wakikucheka. Na mkitaka kunipigia makofi kwa kupona, msipige. Mama mkwe amekaa hapo nyuma, na binti alikuwa naye mmoja tu.