Togwa ya Harusi ya Mdogo Wangu

Baba mkwe wa mdogo wangu alisema mara moja tu, siku tuliyopeleka mahari, na wala hakupaza sauti. "Binti nawapa. Lakini siku ya sherehe nikikuta pombe pale, hata tone, naondoka na mwanangu. Iwe mbele ya mchungaji, iwe mbele ya nani." Wajomba zangu wakacheka, wakidhani ni utani wa wakwe. Mimi sikucheka. Mdogo wangu wa kiume, bwana harusi mwenyewe, alikuwa anaangalia chini, anachezea kifungo cha shati.

Mdogo wangu alikuwa mlevi. Nasema hivyo hivyo, sizungushi. Alikuwa fundi seremala wa kuaminika, pale Majengo karibu kila nyumba ilikuwa na kitanda chake au kabati lake, halafu gongo ikamshika. Akauza randa, akauza msumeno, akauza mpaka viatu vya baba. Mara ngapi nimemwokota mtaroni, namvuta huku namtukana, namtukana huku nalia! Akaja kuokoka kwenye kanisa moja dogo kule Misunkumilo, na huko ndiko alikompata yule binti. Ukoo wa binti asili yao Burundi, wakulima, watu wa sala asubuhi na jioni. Mwaka wa pili ulikuwa unakwenda na mdogo wangu hajagusa kitu. Kama ndoa ile ingevunjika, mimi nilijua angerudi wapi. Angerudi kule kule mtaroni, na safari hiyo sidhani kama ningemwokota mzima.

Basi vinywaji nikapewa mimi. Mama yetu alishafariki, mimi ndiye dada mkubwa, halafu mdomo wangu unajulikana mji mzima. Walisema, huyu hakuna wa kumdhulumu kreti.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda bado iko Mkoa wa Rukwa, na soda ilikuja kwa treni kutoka Tabora. Mwenye duka la jumla alishaniahidi, na chupa tupu nilishamkabidhi, maana bila chupa tupu hupewi soda. Wiki ya harusi mvua ikanyesha kama imetumwa. Alhamisi nikaenda stesheni. Mzee wa pale akaniambia tuta la reli limeondoka na maji huko mbele, treni imekwama, na hajui itaingia lini.

"Hujui lini? Harusi Jumamosi!"

"Sasa mama, kwani mimi ndiye niliyenyesha?"

Ningemjibu, ila nilikuwa sina muda. Soda iliyobaki mjini ilikuwa kwenye mabaa. Ya kwanza, mwenye baa akaniambia soda peke yake hauzi, nichukue na bia nusu kwa nusu. Nikamuuliza harusi ya walokole bia ni ya nini. "Mkaogee," akanijibu, na wateja wake wakaangua kicheko. Ya pili walinionea huruma, wakanipa kreti chache, za kutosha meza kuu na wazee wa kanisa, basi. Nikatoka na kreti kwenye baiskeli, uso kwa uso na akina mama wawili wa kanisa la binti. Wakaniangalia, wakaangalia baa, wakaniangalia tena. "Ni soda!" nikawaambia. "Mnataka niwafungulie mnuse?" Wakapita zao. Nikajua baba yake binti atasikia habari kabla ya jioni.

Ndipo shangazi yangu wa Kasokola akaja na neno lake. "Soda ya nini? Kwani sisi tuliolewa kwa soda? Nitapika togwa." Na kweli, togwa haina ubishi. Ni uji wa mahindi, unaupoza, unatia kimea cha ulezi, unakuwa mtamu wenyewe. Walokole wanakunywa, watoto wachanga wanakunywa. Ila haitakiwi kukaa. Ukiichelewesha inachacha, inaanza kuuma ulimi, na hapo inakuwa pombe kama pombe nyingine.

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja. Shangazi alikuwa mpika komoni, pombe ya kienyeji, na komoni yake watu waliifuata kutoka mbali. Nikamwambia, "Shangazi, naomba usilete chombo kilichopikiwa pombe kwenye harusi hii, kitachachusha togwa." Akanikata jicho. "Mimi nimeanza kupika kabla mama yako hajakuzaa. Utanifundisha wewe?" Nikamwachia. Ni shangazi.

Jumamosi asubuhi mapipa yakafika kwa mkokoteni, yamefunikwa vizuri. Nikaonja. Tamu, laini, imepoa. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, nikaenda kanisani.

Ibada ilitakiwa iishe mchana mapema. Kwanza kwaya, kila kwaya nyimbo zake. Halafu mvua ikapiga bati mpaka mchungaji akawa anafungua mdomo tu, hasikiki. Halafu ndugu wa binti wakakwama kwenye tope na ikabidi tuwasubiri. Tulipofika uwanjani kwa baba jua lilikuwa limetoka kali, turubai linatoa mvuke, na yale mapipa yalikuwa yameshinda chini yake tangu asubuhi, yamefunikwa vile vile.

Nikafungua pipa la kwanza. Likapumua. Ssss! Povu likapanda hadi ukingoni. Nikachota kidogo nikaonja, ikaniuma ulimi. Nikafungua la pili, yale yale.

"Shangazi! Umepikia kwenye nini?"

"Kwenye mapipa yangu. Nimeyasugua kwa majivu na maji ya moto."

"Ya komoni?"

"We unadhani nina mangapi?"

"Jamani nyie! Hivi mna akili kweli?" Nilipiga kelele mpaka baba akaja kunifunga mdomo, watu walishaanza kukaa kwenye mabenchi. Baba akaonja. Akalamba midomo. "Hii ni togwa," akasema. "Imechangamka kidogo tu." Nikamwambia baba, tumwage, tumwage sasa hivi. Akakataa katakata. Ataitwa nani mji mzima, kaoza mtoto na wageni wamekauka koo? "Ongeza sukari ukae kimya."

Nikaongeza sukari. Nyingine inamwagika chini. Nikawa najipa moyo: meza kuu wana soda, mdogo wangu ana soda yake, haimgusi. Yule mzee atapiga funda moja la heshima, utamu utaficha, tutapona. 

Mshereheshaji akaita wakwe wasimame wafungue kinywaji. Baba mkwe akasimama, akapokea kikombe cha togwa kwa mikono miwili. Akashukuru, akasifu mapishi ya watu wa Kasokola. Nikawa namwomba Mungu anywe basi, amalize.

Hakunywa. Akasema, "Kwetu mgeni haanzi. Anaonja mwenye nyumba kwanza, mgeni ajue kinywaji hakina neno. Na mwenye nyumba leo ni mkwe wangu." Akamnyooshea mdogo wangu kile kikombe.

Weee! Nilipasua katikati ya watu, nikamkanyaga mtu sijui nani, nikafika nyuma ya kiti chake najifanya natengeneza kitambaa cha meza. Nikamnong'oneza, "Gusisha midomo tu. Usimeze." Sijui kama alinisikia. Kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake, karibu na pua. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kongoromeo likipanda na kushuka. Alishajua. Mtu wa namna yake haonjeshwi, harufu inamtosha.

Akinywa, nimempoteza. Asipokunywa, mzee atauliza kwa nini, na akiambiwa kwa nini anaondoka na binti yake kama alivyoahidi. Nilitafuta uongo wa kusema pale, mimi na mdomo wangu wote, nikakosa. Watu wakaacha kupiga makofi. Kikombe kikawa kinatikisika, togwa inamdondokea kwenye suti ya kuazima, na bado hakishushi. Nilidhani anakunywa. Kwa kweli nilidhani ndiyo basi.

"Baba," akasema, "hii siwezi kuonja."

"Kwa nini?"

"Imechacha. Na mimi nikionja hii, sitaacha."

Alisema kwa sauti ya kawaida, mpaka mabenchi ya nyuma wakasikia. Mzee akakichukua kikombe, akanusa. Akakunja uso. Akamgeukia baba yangu, na baba akaangalia pembeni. Hapo nikachemka.

"Mzee, vinywaji ni vyangu! Nimevikuta hivyo na nikatia sukari mimi mwenyewe. Nitukane mimi, unifukuze mimi, lakini huyu umemsikia alichosema. Unataka aseme nini tena?"

"Dada, nyamaza," mdogo wangu akasema.

Mzee akanipa mgongo. Akamwambia binti yake kwa Kirundi maneno machache. Sikuyaelewa, lakini mama mmoja wa upande wao alianza kukusanya mkoba wake. Bibi harusi tangu asubuhi hakuwa ameinua uso, kama wanavyofundishwa. Sasa akauinua. Akamjibu baba yake kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie. "Baba, kaikataa mbele yako. Mimi nakaa."

Mzee akamtazama binti yake, akakitazama kikombe. Kisha akakimwaga chini, polepole, mbali na gauni la binti. "Mwageni na hayo mapipa," akasema. "Tuleteeni maji." Akakaa.

Tukamwaga. Shangazi alisonya kila pipa lililopinduliwa, baba akaingia ndani akakaa huko hadi wakati wa zawadi. Watu wakala pilau yao na maji ya kisima, wengine wakinung'unika, wengine wakicheka, na kwaya ikaimba. Mimi nilibeba jagi mwenyewe, nikaanza na meza kuu. Nilipoinama kummiminia mdogo wangu nikaona jasho limeloanisha kola yote. Nikataka kumsifu, nikataka kumwambia leo umenitoa kimasomaso, sijui nilitaka kusema nini. Akaniwahi. Akanisogelea sikioni.

"Dada, ilikuwa inanukia vizuri," akasema. "Mungu wangu, ilikuwa inanukia vizuri sana."

Nikaweka jagi chini, nikavuta kiti, nikakaa naye pale.