Muuza Mtindi Wetu

Baba aliacha kazi ya benki hapa Musoma mjini, akaanza kuuza mtindi anaoufuata Butiama kwa pikipiki. Jumatatu alipita getini kwetu shuleni, madumu yamefungwa nyuma, na bado kavaa shati lake la ofisini.

Rafiki yangu akashtuka. "We, yule si baba yako? Si alikuwaga bosi benki?"

"Hapana," nikasema. "Ni muuza mtindi wetu."

Baba alisikia. Alipunguza mwendo, akaniambia kwa adabu, "Dada, msalimie mama. Kesho nitawaletea lita mbili."

Rafiki yangu akaamini.

Jioni baba alinimiminia kikombe cha kwanza, kama kawaida yake. Nilikunywa nimeinama. Samahani niliyoiandaa njia nzima haikutoka.